Adui wa Baiskeli ya Pili

Nyakabiga, 3 Aprili 2001

Kwa Madamu Léocadie, msimamizi wa mazoezi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ni mtu wa Bukavu na Kirundi chako kinaniumiza masikio. Kifaransa nakihifadhi kwa watu ninaowaheshimu.

Jana daktari wangu alinituma kwako. Aliniambia kwamba mtu aliyepasuliwa kifua akaunganishiwa mishipa mipya ya moyo hapaswi kulala kitandani kama mgonjwa wa malaria. Lazima atembee, aendeshe baiskeli, atokwe jasho, huku mwenye ujuzi akimtazama. Nikakubali. Nikavaa raba, mimi mwalimu mstaafu, nikapita nazo mjini watu wakinitazama. Nikaingia chumbani mwako, nikaziona baiskeli zako mbili zisizokwenda popote, na juu ya ile ya dirishani ameketi Hyacinthe.

Labda hujui Hyacinthe ni nani. Mwaka 1993, nchi ilipowaka, mimi na watoto wangu tulifukuzwa mtaani kwetu Kinama kwa mawe na mapanga. Waliotufukuza walikuwa watu wa upande wake. Nyumba niliyoijenga kwa mshahara wa ualimu ilibaki huko, na leo anayelala ndani yake ni yeye. Nawe ukanichekea: "Karibu Mwalimu, panda hiyo ya pili, mutasindikizana!"

Mimi sisindikizani na mwizi. Chagua: yeye au mimi.

Sylvère

*

Carama, 5 Aprili 2001

Mwalimu Sylvère,

Sichagui.

Mashine ya kusoma mapigo ya moyo ninayo moja, na jenereta inapata mafuta ya saa moja. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji kama wenu ninao wawili katika mji huu mzima. Mutakuja pamoja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au mutabaki kwenu mukingoja mishipa hiyo mipya nayo izibe. Yako walikuwekea Ubelgiji, ya Hyacinthe walimwekea Nairobi, na yote inaziba namna moja.

Ulipotoka kwa hasira Jumatatu ulikuwa unahema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima, na hukuwa umekanyaga hata kidogo. Hasira ndiyo zoezi pekee ulilofanya.

Na usiniletee habari za kufukuzwa. Mimi nilitoka Bukavu na kitenge kimoja na redio ya mume wangu, bila mume. Sikufungua kile chumba kupima nani alilia zaidi.

Kirundi changu unisamehe. Kifaransa chako ubaki nacho.

Léocadie

*

Nyakabiga, 27 Aprili 2001

Kwa Hyacinthe, anayelala kwangu,

Sikusalimu. Tumekaa bega kwa bega majuma haya bila neno, na ningependa iendelee hivyo. Ndiyo maana naandika, na barua nitaiacha juu ya kiti cha baiskeli yako.

Juzi, mara tu Madamu aliponikazia baiskeli yangu, ulimwomba akukazie na yako, zaidi. Nilikuona ukinitazama kwa pembe ya jicho. Jitahidi upendavyo. Ujanani mimi nilicheza mpira timu ya chuo, wewe ukibeba madumu ya mawese sokoni. Hunipati.

Kuhusu nyumba: Arusha wameshatia saini mkataba wa amani kwamba waliofukuzwa watarudi kwao. Ondoka kwa miguu yako kabla hujaondolewa. Sitaki nikukute humo siku nitakaporudi, maana siku hiyo hata Madamu hatanizuia.

Sylvère

*

Kinama, 2 Mei 2001

Mwalimu,

Barua yako nimesoma. Mi ni mutu wa soko, sijui kuandika vizuri kama we, lakini utasikia.

Unaniita mwizi. Mi nilikuwa na nyumba yangu Cibitoke. Mwaka wa 95 vijana wa upande wako walikuja, na askari nyuma yao. Kaka yangu Honoré alibaki kwa mulango kusudi sisi tupite nyuma. Hakutoka tena pale. Mbona juu ya ile nyumba hauniandikii? Nani analala mule leo? Ni watu wako.

Na kwako nilikuta nini? Kuta. Bati zilibebwa, milango ilibebwa, mbuzi za jirani zilikuwa zinalala mu saloni yako. Mi mwenyewe njo niliweka bati. Mi njo nilichimba choo. Watoto wangu wawili walizaliwa mule. Hauwezi kuniita mwizi juu ya kuta.

Kwa baiskeli, ndiyo, nilimwambia Madamu akaze. Nilipoona unatoka jasho nilifurahi mpaka moyo yangu ikacheza kama ya kijana. Na nikuambie kitu: ile mambo ya jenereta ni uongo. Alhamisi nilipita pale, taa zinawaka, mashine iko wazi, baiskeli zote mbili hazina mutu. Ule mwanamuke anatuweka pamoja kusudi.

Mi siondoki.

Hyacinthe

*

Carama, 7 Mei 2001

Kwa wazee wangu wawili wakaidi,

Mumekuja kwa zamu kuniita mwongo, sasa nawajibu kwa karatasi moja, kila mutu nakala yake.

Ndiyo, Alhamisi umeme upo. Wagonjwa wa moyo niliowasimamia Bukavu waliacha mapema, wakasema wamepona, wakarudi kwenye makochi yao. Wengine niliwazika. Ninyi hamujakosa hata siku moja. Si kwa kupenda mioyo yenu. Kila mumoja anaogopa mwenzake asije akamaliza saa peke yake. Chuki yenu ni dawa, na mimi dawa nikiipata siimwagi.

Sasa naongeza. Siku ambazo hamuji kwangu, mutembee karibu na kwenu asubuhi. Mutembee upesi, mikono ikiwa mitupu, bila kusimama kuongea na watu, mufike mahali, mugeuke, murudi. Kifua kikibana, kaeni chini na muite mutu. Mukifa njiani nitawafuata hukohuko niwatukane.

Léocadie

*

Carama, 14 Juni 2001

Mwalimu Sylvère,

Barua hii naituma na dereva wa zahanati. Soma ukiwa umekaa.

Hyacinthe amekamatwa. Jumatatu ulidhani ameogopa kuja, ukapanda baiskeli ukicheka. Hakuogopa. Walimkamata Jumapili akitembea kama nilivyomwagiza, na ile njia ya kwao inapita mbele ya kituo cha askari. Tangu waasi waingie Kinama mwezi wa pili, askari hao hawamwamini mutu. Wameona mwanaume anapita asubuhi nyingi kwa haraka, hana mzigo, hasalimii, anageuka, anarudi. Wakasema anahesabu bunduki zao.

Wakamvua shati. Wakaona kovu linaloshuka katikati ya kifua. Wakamvua suruali, wakaona lile lingine la mguuni, pale daktari alipochukua mshipa wa kuunganishia moyo. Wakasema: huyu ni mpiganaji, alikatwa vitani akashonwa porini.

Nilikwenda na karatasi ya daktari wa Nairobi. Mumoja akaniambia, "Mama Mkongo, hata waasi wana karatasi." Vidonge vyake havijamfikia. Mutu mwenye moyo ule akikaa bila vidonge, bila usingizi na kwa kupigwa, simpi muda mrefu.

Mkuu wa kituo anaitwa Bonfils. Anasema ulimfundisha hesabu. Neno la mutu wa upande wao atalisikia. Na kovu kama lile, Mwalimu, liko kwenye kifua cha mutu mwingine mumoja tu ninayemjua.

Mimi njo nilimtuma barabarani. Nenda, nakuomba.

Léocadie

*

Nyakabiga, 15 Juni 2001

Madamu,

Bonfils namkumbuka. Alikuwa mzito wa hesabu za sehemu lakini mtoto mwenye adabu.

Unaniomba nimvulie shati mtu anayelala kitandani kwangu. Wakati watoto wangu walipokimbia na nguo za kulalia hakuna mtu wa upande wake aliyevua hata kofia.

Hata hivyo mimi si mnyama. Nitakwenda. Lakini kwanza watoke nyumbani mwangu, yeye na wake wote. Mfikishie mkewe habari hizi. Nikiupata ufunguo leo, leo nitakwenda. Nikiupata kesho, kesho.

Sylvère

*

Carama, 15 Juni 2001

Mwalimu,

Nimempelekea mkewe barua yako kwa sababu sina haki ya kumficha bei uliyomwekea mume wake. Nilipomsomea hakulia. Aliuliza tu kama bei hiyo ni nyumba pamoja na vyombo vilivyomo.

Nimeshika kifua chako kwa mikono hii, nikasikiliza moyo wako unavyopiga. Unapiga vizuri sana. Sikujua unapigia nini.

Léocadie

*

Kinama, 16 Juni 2001

Mwalimu Sylvère,

Mi ni Sikuzani, muke wa Hyacinthe. Hatujawahi kuongea.

Ufunguo ni huu. Nimetoa watoto na sufuria, tunaenda Ruziba kwa dada yangu. Mume wangu hajui, na usimwambie mbele ya askari, kwa sababu atakataa kutoka. Namujua.

Nyumba yako nimeifagia. Sasa nenda ufungue shati.

Sikuzani

*

Nyakabiga, 17 Juni 2001

Madamu Léocadie,

Yametimia, na kwa kuwa umeshanihukumu, usikie yalivyokuwa.

Bonfils alinipa kiti chake mwenyewe. "Mwalimu, umekuja kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya yule mwenye kovu."

Akatikisa kichwa. "Yule mwachie, Mwalimu. Yule ni mtu wa porini. Kesho tunampeleka mbele."

Sikumuuliza mbele ni wapi. Nikamwambia amlete.

Walimleta wakimshika kwapani. Jicho moja lilikuwa limefunga, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Rangi hiyo naijua, niliiona kwenye kioo changu mwenyewe kabla ya kupelekwa Ubelgiji. Aliponiona akasema, "We, umekuja kutazama?"

Nilifungua vifungo vya shati langu mbele ya vijana wale wote, mimi ambaye hata wanangu hawajawahi kuniona kifua wazi. Nikakunja na mguu wa suruali. Bonfils akasogea. Alitazama kifua changu, akatazama cha Hyacinthe, akarudi kwangu. Akachuchumaa kukagua miguu yetu, mmoja baada ya mwingine, kama fundi anayelinganisha mbao.

"Mwalimu," akasema, "kumbe na wewe umepigwa?"

"Nimepasuliwa na daktari. Na huyu hivyo hivyo. Moyo uliziba, wakachukua mshipa wa mguu wakautia kifuani. Tukiacha kutembea tunakufa. Hiyo ndiyo vita aliyokuwa anapigana mbele ya kituo chako."

"Na huyu ni nani wako?"

Wote walikuwa wananisikiliza, na Hyacinthe pia, kwa lile jicho lake moja.

"Ni adui yangu," nikasema. "Tunafanya mazoezi pamoja."

Hawakujua wacheke au wasicheke. Bonfils akaamuru afunguliwe kamba. Dereva wako alimchukua, nami nilirudi kwa miguu, sikutaka kupanda naye gari moja. Ufunguo ulikuwa mfukoni wakati wote.

Nyumba ni yangu. Sikumwibia mtu.

Sylvère

*

Ruziba, 28 Juni 2001

Mwalimu,

Nilifika Kinama nikakuta mulango umefungwa. Mi nikagonga mulango wa nyumba yangu kama mugeni. Jirani njo alinipasha habari.

We uliniuza. Ulisimama pale na kifua wazi kama mutakatifu, mi nikasema kwa roho yangu, huyu mutu nilimuhesabu vibaya. Nikakuhurumia hata, kwa sababu kovu yako imepinda. Yangu imenyooka. Wazungu wako walikushona kama gunia. Kumbe bei ilikuwa mu mufuko!

Ningejua ningerudi mule mu kituo nikakaa. Nimemwambia Sikuzani vile vile, na yeye amenijibu: ungekaa, ungekufa, na nyumba mwalimu angeichukua bure. Tangu siku ile hatuongei vizuri.

Hapa tunalala watu wengi mu chumba moja, kunanuka samaki. Kwa Madamu sitafika tena, njia ya kutoka huku inafungwa kila siku wakipigana huko milimani. Kanyaga peke yako. Furahi.

Hyacinthe

*

Carama, 20 Julai 2001

Mzee Hyacinthe,

Nimesikia kwamba huko Ruziba unakaa chini mchana kutwa. Sikuzani njo alinitumia habari. Ufuo upo, mchanga upo. Mchanga ni mzito kuliko baiskeli yangu yoyote. Tembea humo asubuhi, na safari hii salimia kila mutu unayemuona, askari na mvuvi, majina yao uyajue.

Mwalimu haendi mbele. Tangu uondoke anapanda, anakanyaga kidogo, anashuka. Mara raba zinabana, mara kuna joto. Nimekaza ile baiskeli, nimeilegeza, nimemtukana kwa Kiswahili cha Bukavu chote nilicho nacho. Anatazama dirishani. Juzi alikaa bila kukanyaga mpaka saa ikaisha, nami nikamwacha, kwa sababu bado namkasirikia na sikutaka kumwonyesha uso wangu.

Sikuandikii umuhurumie. Nakuandikia ujue kwamba unamshinda ukiwa mbali, kama bado unapenda kushinda.

Léocadie

*

Nyakabiga, 5 Agosti 2001

Hyacinthe,

Madamu atakuwa amekuambia kwamba nimelegea. Ni uongo. Kuna joto.

Jumanne nilikwenda Kinama asubuhi kweupe, na kitanda cha kukunja kichwani. Niliingia. Chumba nilichokuwa nikisahihishia madaftari ya wanafunzi kinanuka mawese yako, hata nilipofungua dirisha harufu haikutoka. Jirani wa kushoto alinikumbuka. Alifunga dirisha lake.

Nilikaa humo tangu asubuhi. Kila hatua iliyopita nje niliisikia ndani ya mbavu. Mtoto alipogonga bati kwa jiwe, nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango na mguu wa kitanda mkononi. Jua halijapungua hata kidogo nikawa nimeshajua: nyumba ni yangu, na siwezi kulala ndani yake. Wewe si yako, na ulilala.

Nikiiacha tupu watabeba bati tena, na safari hii milango ni mizuri. Kwa hiyo nimempa Madamu ufunguo. Rudini. Hii si zawadi, wala si msamaha, wala sikuombi msamaha. Utakaa humo kama mlinzi wangu mpaka mahakama iseme. Nimeshafungua kesi.

Kovu langu halijapinda. Ni wewe uliyekuwa na jicho moja.

Sylvère

*

Ruziba, 19 Agosti 2001

Mwalimu,

Mi si mulinzi wako. Barua yako nilitaka kuichana na kurudisha ufunguo kwa Madamu. Lakini Sikuzani alishapakia sufuria zake kwa gari ya samaki kabla ya mi kumaliza kusoma. Anasema shule inaanza, mambo ya wanaume yatangojea.

Basi tunarudi. Lakini naingia mule kama mwenye nyumba. Umefungua kesi, vizuri. Mi nitaleta mashahidi wa bati na wa choo, na nitauliza kwa sauti kubwa juu ya Cibitoke na juu ya Honoré, we utanijibu mbele ya jaji. Ile siku mu kituo haitakusaidia. Nitamwambia jaji bei yake.

Hapa nilitembea mu mchanga kila asubuhi. Miguu yangu imekuwa mbao. Jumatatu nitakuwa kwa Madamu. Ile ya dirishani ni yangu, usikalie.

Hyacinthe

*

Nyakabiga, 3 Oktoba 2001

Hyacinthe,

Leo tena umenipita, nami sitasema ni joto. Ijumaa utaona.

Nimepata tarehe ya kesi, nawe utaletewa wito wako juma hili. Sitakuonea huruma. Wakili wangu ana hati ya kiwanja, na nimemwambia aulize kila bati ulilipata wapi. Kuhusu Cibitoke uliza unavyotaka. Nimelifikiria jibu siku nyingi na sijalipata, jambo ambalo wakili ameniomba nisilitaje popote, nami nakutajia wewe.

Nilikwenda kukagua jengo. Chumba cha kesi yetu kipo ghorofa ya juu kabisa, na lifti ilikufa tangu vita ianze. Ngazi ni kali na giza, na watu husukumana wakiwahi viti. Nilipofika juu nilishika ukuta, na karani mmoja akakimbia kuniletea maji.

Kwa hiyo njoo mapema. Panda polepole, usibebe kitu, mashahidi wako wabebe. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kuna dirisha lenye kizingiti kipana. Kaa hapo mpaka pumzi irudi. Nami nitakuwa hapo, sitakusemesha. Kifua kikibana niambie, vidonge ninavyo, ni vilevile vyako.

Nataka nikushinde ukiwa hai.

Sylvère